Nusu Ndoo ya Mama Mkwe

Jumatatu, 10 Oktoba

Maji ya kuoshea mchele yamekwenda kwenye viroba vya mchicha. Ya kusuuzia nguo nimefulia matambara, halafu nikapiga deki, yaliyobaki chooni. Ndoo moja, kazi nne. Nimefurahi peke yangu kama mjinga.

Bomba halijatoa tangu wiki iliyopita. Kisima cha bondeni kinatoa, lakini kwa kusinzia. Unachota bakuli, unasubiri yajikusanye, unachota jingine. Na ziwa, ukipanda kwenye mawe ya juu, unaliona lile pale, linang'aa. Linatuangalia tu.

Mwanangu Minza kamaliza uji wote. Tumbo limetulia. Mwezi uliopita aliharisha mpaka macho yakaingia ndani, nikadhani nampoteza. Sasa nachemsha kila tone la kunywa. Mengine nabana, hayo sibani.

Jumatano, 12 Oktoba

Baba Minza kapiga simu kutoka Usagara, yuko huko kwenye ujenzi. Mama yake anavuka keshokutwa kutoka Sengerema. Nikauliza kuna nini. Akakohoa. Kisha akasema mama anataka kumchukua Minza akakae naye mpaka mvua zinyeshe. Kisima cha kwao hakijakauka. Maziwa yapo.

Nikauliza, na wewe umesemaje?

"Mama akishasema, mimi niseme nini?"

Minza ana miaka mitatu. Najua kwao mjukuu wa kwanza kulelewa na bibi ni jambo la kawaida. Mume wangu mwenyewe alilelewa na bibi yake, akarudishwa kwa mama yake alipofika umri wa shule. Anasimulia vizuri tu. Ila akimtaja yule bibi, Mungu amrehemu, anasema "mama". Na mama yake anamwita "bi mkubwa".

Mpaka mvua zinyeshe. Zikichelewa je? Zikinyesha halafu waseme mtoto kashazoea?

Sitaki. Nimeandika hapa kwa sababu sina pengine pa kulisema.

Ijumaa, 14 Oktoba

Mama mkwe kafika mchana. Shikamoo mama, marahaba mayu, yaani mama kwa Kisukuma chao, kamkumbatia Minza, kamshika mbavu kama anakagua mbuzi wa kununua. Mimi nikaziona mbavu kwa macho yake.

Maharage yalikuwa kwenye kapu. Nayachemsha kidogo, nafunika sufuria, nalitumbukiza kwenye kapu lenye blanketi kuukuu, yanaiva yenyewe bila mkaa. Akafunua, akatazama. "Huku mnalaza maharage kama mtoto mchanga?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jioni nikampelekea maji ya kuoga. Hapo ndipo nilipoharibu.

Yalikuwa yamebaki ndoo moja na kidogo, na kesho kuna uji wa Minza. Nikapasha nusu ndoo. Nikaipeleka bafuni, nikapiga goti, nikasema maji tayari mama. Sikueleza. Mgeni haambiwi shida siku ya kwanza, nimefundishwa hivyo tangu mdogo. Akaingia. Akatoka upesi, miguu mikavu. Kasema amechoka, ataoga siku nyingine.

Nusu ndoo ilikuwa pale pale, haijaguswa. Mkwe kukataa maji ya kuoga. Ningechapwa kofi ningejisikia nafuu.

Jumamosi, 15 Oktoba

Baba Minza karudi asubuhi. Nilikuwa nyuma ya nyumba nachuma mchicha. Dirisha wazi. Mama akamwambia:

"Nimekuja kwa mwanangu, nimepimiwa maji. Tena na mtoto wa Ukerewe. Mtu kazaliwa katikati ya ziwa, ananipimia maji."

Mwanaume akacheka kidogo. Akaacha.

"Mtu mzima anapewa nusu ndoo. Mtoto anapewa nini? Jumatatu naondoka na Minza."

Nikasubiri aseme neno. Hata moja. Nilimchukia mume wangu kwa muda wa kuchuma fungu zima.

Ni kweli nimezaliwa Ukerewe. Tulioga ziwani na sabuni ikatuponyoka, tukacheka. Sikujua kubana maji mpaka nilipoolewa huku Buhongwa. Nimejifunza mwenyewe, kwa aibu na kwa kuiga wenzangu. Nilidhani ni jambo la kujivunia. Kumbe kwa mwingine ni uchoyo.

Jumapili, 16 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nimekwenda kisimani bado alfajiri, nikarudi na ndoo mbili, shingo imekakamaa. Nikakuta nguo za Minza zimekunjwa juu ya kiti. Gauni la bluu juu kabisa.

Mama Zuhura wa chumba cha pili alikuwa kaja kuomba moto wa jiko. Mama mkwe akamlalamikia habari yote, mimi nimesimama hapo hapo na maji yangu. Mama Zuhura mdomo wake hauna mlango. Akacheka mpaka akajishika kiuno.

"Nusu ndoo? Basi mama umepewa ya sikukuu. Hawa wawili wanaogea kopo lile la rangi, mama na mwana, kopo moja. Ungekuja kwangu mimi ningekupa kitambaa kibichi, nikakwambia karibu Mwanza."

Mama mkwe akalitazama lile kopo. Limening'inia ukutani. Akalishusha, akachungulia ndani kama kuna kitu. Akanigeukia.

"Mbona hukusema, mayu?"

"Niliona aibu, mama. Mgeni haambiwi."

"Kwa hiyo mimi mgeni."

Nikapiga magoti pale pale uani, ndoo pembeni. Nikasema nigombeze mama, nisimange, nimekosa kutokueleza. Lakini mtoto niachie. Mama Zuhura akachukua moto wake, akaondoka taratibu. Sijawahi kumwona akiondoka taratibu.

Ndipo Baba Minza akafungua kinywa. Alikuwa anaangalia chini, anachora na kidole cha mguu.

"Mama, mimi nililetwa kwako nina miaka saba. Usiku nilikuwa nakuogopa. Nilikuwa namtaka mama yangu, na mama yangu ni wewe."

Mama mkwe akaingia ndani. Alikaa muda mrefu. Chakula alikula kidogo, kichwa chini. Sikujua kama ni hasira au ni nini. Nguo za Minza ziko bado juu ya kiti. Niliogopa kuzigusa.

Jumatatu, 17 Oktoba

Siku ya kivuko. Nimeamka na moyo mzito kama jiwe la kusagia.

Nikapasha ndoo nzima. Imejaa. Nilijiambia, akimchukua amchukue, lakini asivuke na neno kwamba nilimnyima maji. Nikapeleka, nikapiga goti.

Akaitazama. Akachukua sufuria, akamimina nusu humo, akanirudishia. "Kapikie mtoto." Akaingia bafuni na ndoo yake na beseni tupu.

Alipotoka alikuwa kalibeba beseni mwenyewe, maji machafu yamebaki chini. Kumbe ameoga amesimama ndani yake. Nikakimbilia kumpokea. Akanikwepa.

"Maji niliyoogea mimi mkwe hashiki. Nionyeshe yanamwagwa wapi."

Nikamwonyesha mpapai karibu na choo, maana ya sabuni siweki kwenye mboga. Akamwaga kidogo kidogo kuzunguka shina. Kanga imelowa, mabega wazi, mtu mzima ameinama kwenye mpapai wangu mwembamba. Nikageuka pembeni kwa heshima. Na kwa sababu nilikuwa nalia.

Akasema, bado ananipa mgongo, kwamba kwake sasa hivi jembe haliingii ardhini, hana anachokimbilia. Ndugu zake wapo, watamwangalizia ng'ombe. Ataondoka siku ya kwenda kupanda. Ataondoka peke yake. "Nilikuwa namtaka mtoto mdogo nyumbani. Nilimpeleka wangu, sikumlea. Basi nitamlea huyu hapa hapa, mama yake akiwepo."

Nikasema asante mama. Halafu, naandika ukweli, nikawaza kwamba sasa kuna mtu mmoja zaidi wa kuoga.

Nguo za Minza nimezirudisha sandukuni.

Ijumaa, 21 Oktoba

Mvua bado. Jana wingu zito lilitokea, likakatiza ziwani, likaelekea Ukerewe. Nimewaonea wivu ndugu zangu.

Baba Minza karudi kazini tangu Jumanne. Mama anakwenda kisimani mchana. Anafika, anakaa juu ya ndoo yake, anapewa shikamoo na foleni nzima. Wanampisha. Nimemwambia si haki. Kasema uzee nao ni maji, kila mtu atachota wake.

Maharage ya kapuni anayala lakini anasema hayana harufu ya moto. Leo kaongeza bakuli.

Wamelala kwenye mkeka sasa, mchana huu, mlango wazi upate upepo. Minza kamwekea mguu tumboni. Bibi anakoroma. Uji wa jioni uko kwenye kapu. Nimewafunika wote wawili kanga moja, imetosha.