Jibu Kuhusu Bwana Sumaku

Jumapili, tarehe 9 Machi. Mwaka wa nne sasa tangu nifunge mzigo.

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na lile goti limepoa. Mimi nasimama, nashukuru. Mgongo ndio unaonung'unika, maana tunapandisha saruji ghorofa ya saba na lifti ya mizigo imeharibika, kwa hiyo lifti ni sisi. Binti yangu niliyekuachia hajambo? Najua hajambo. Kila nikipiga simu ananipa habari, na kila habari inaanza na Bwana Sumaku.

Tangu mwezi wa kwanza umeniomba neno langu juu ya mtu huyo, nami nimekuwa nikikujibu habari za mvua. Umesema anataka kukuoa, na kwa kuwa wazee wetu hawapo, wa kutoa jibu nimebaki mimi. Leo nitakujibu, lakini nivumilie kwanza niteme nyongo.

Kazi yake sina ugomvi nayo. Kuzunguka shuleni na mitaani na gari lililojaa betri, vioo na sumaku, watoto wakaishika fizikia kwa mikono badala ya kuikariri, ni kazi njema. Mimi niliacha shule nikidhani fizikia ni jina la ugonjwa. Kinachonichoma ni kwamba nikimuuliza binti amekula nini, ananiambia Bwana Sumaku kawasha taa kwa malimau. Nikimwambia nimemnunulia viatu, anauliza kama soli zake ni za mpira, kwa sababu Bwana Sumaku kasema mpira haupitishi umeme. Nimebeba saruji mwezi mzima kwa ajili ya viatu vile, sifa zikaenda kwenye soli.

Basi siku moja ya mapumziko, kikundi chenye kazi kama yake kilikuja kwenye kambi yetu ya wafanyakazi. Sikufichi, nilikwenda kumtafutia kosa kupitia kwa wenzake. Msichana mmoja mwembamba akafunga kamba kwenye bomba, akaizungusha mara kadhaa kati ya bomba hilo na la pili, akataka wanaume wawili wayatenganishe kwa nguvu zao zote. Tukajitokeza mimi na mpiga zege, vifua mbele. Yule msichana akavuta ncha ya kamba, mabomba yakakaribiana, nasi tukayafuata kama mbuzi wa kununuliwa. Akaeleza kuwa kila mzunguko wa kamba unamwongezea mvutaji nguvu. Wenzangu wakaniambia nikaombe kazi jikoni, zege niwaachie akina dada. Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa nimeshapata silaha.

Jioni ile nikampigia binti, nikamwambia siku ya wazazi shuleni aache majaribio ya Bwana Sumaku, afanye la baba yake. Alinisikiliza kuliko alivyowahi kunisikiliza. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Sikumwambia kwamba mabomba yawe ya kuteleza na kamba iwe ya nailoni, kwa sababu sikujua kuwa hayo yana maana. Akachukua vipini viwili vya jembe na kamba ya katani, akasimama mbele ya wazazi wote, na kamba ikang'ang'ania kwenye vipini. Alivuta mpaka machozi yakamtoka, na walimu wawili walioshika vile vipini hawakusogea.

Haya ulinisimulia wewe. Ukanisimulia pia kwamba Bwana Sumaku aliinuka, akatoa mabomba na kamba laini garini, akawaambia watu kuwa wazo la baba wa binti huyu ni sahihi kabisa, ila vifaa vina msuguano mwingi. Akampa avute tena. Mwalimu mkuu akaburutwa mpaka kofia ikaanguka. Ulidhani habari hiyo itanilainisha. Dada, nilimchukia zaidi. Angenicheka, ningejua pa kumshika. Mtu anayekuchukulia mtoto huku akikusifia mbele yake, utamfanya nini?

Sasa nikwambie jambo usilolijua. Wiki iliyofuata nilikuwa nazungumza na binti kwenye simu, wewe umetoka. Katikati ya maneno akaita baba. Nikaitika. Palepale, upande wenu wa simu, sauti ya mwanamume nayo ikaitika. Kumbe mtoto alikuwa anamwita Bwana Sumaku amshikie waya. Mtoto akasema haraka kwamba ulimi umeteleza, kisha akaniuliza habari za kazi yangu, jambo ambalo hajawahi kuliuliza. Aliuliza kwa upole, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Hapo ndipo niliposhindwa kabisa kukuandikia jibu. Mama yake alipoolewa kwingine nilivimba kwa hasira, nikapona. Safari hii hata hasira sikuipata.

Asiyekuwapo na lake halipo. Nimelizungusha neno hilo kichwani nikipanda ngazi na kushuka, na kila ghorofa naliona la kweli. Basi jibu langu ni ndiyo. Sisemi nimefurahi, nasema nimekubali, na umfikishie hivyo hivyo bila kutia sukari. Mtoto naye msimkanye. Amwite kama ulimi wake unavyotaka.

Nisalimie fundi cherehani jirani yetu na wote wanaoniulizia, hata wale wanaoniulizia kwa sababu ya deni. Jengo hili tunalikabidhi mwezi wa saba, nami nitafika mwanzoni mwa mwezi wa nane. Harusi pangeni baada ya hapo. Ila siku zangu chache za mwanzo, nakuomba Bwana Sumaku akae kwao, ili mtoto akiita, niitike peke yangu.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenibeba mgongoni kabla ya kumbeba binti yangu.