Duara la Sahani ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Sijawahi kumwambia mtu: ile sponji ya baharini ya mradi wetu niliianika kwenye gunia la Baba. Gunia analotandika akipima dawa ya kahawa, ile ya bluu ya kuua ukungu, yenye shaba, tunayoiita kopa. Meza ya kuanikia ilikuwa imejaa mbuni, kahawa inayokaushwa na maganda yake. Nikaona gunia ni gunia tu.

Nimeosha sahani za maabara, zile tunazooteshea bakteria, tena peke yangu. Mutwiri, mwenzangu wa mradi, hajaosha hata moja. Yeye wa kuongea, mimi wa kuosha. Tulikubaliana hivyo kwa sababu mbele ya watu sauti yangu hupotea.

Sponji zilitoka Kilifi. Tata Kagendo, dada ya Baba, anafundisha huko. Aliokota mbili ufuoni, akazitia chumvi. Sponji si mmea. Ni mnyama asiyeweza kukimbia, kwa hivyo hujikinga kwa kemikali anazotengeneza mwenyewe. Nampenda kwa hilo.

Jumanne, 4 Machi
Mwalimu Kinoti ametutangaza paredi, mbele ya shule nzima. Maji tuliyokamua kutoka kwa sponji kwa spiriti yameua bakteria. Duara safi kuzunguka tone. Huenda ni kemikali ambayo hakuna mtu duniani aliyeipa jina, akasema. Makofi. Mutwiri akapunga mikono kama mbunge. Ijumaa tunaenda Meru mjini, mashindano ya kaunti.

Mimi nilikuwa nawaza rangi tu.

Maji yale ni ya kijani. Mbona kijani? Sponji yenyewe ni ya rangi ya udongo.

Baada ya masomo nimetayarisha sahani tatu mpya. Sikumwambia mtu.

Jumatano, 5 Machi
Sahani ya kwanza: sponji ya zamani. Duara.
Ya pili: sponji iliyobaki, niliyoikausha ndani ya nyumba. Hakuna kitu. Bakteria wamejaa hadi ukingoni.
Ya tatu: kipande cha gunia tu, kimelowekwa kwenye spiriti. Hakuna sponji hapo. Duara safi, kubwa kuliko yote.

Ni kopa. Wiki sita za kazi, na nimegundua dawa ya kahawa.

Nimelia chooni. Halafu nikamwambia Mutwiri.

"Kendi, nani amekuuliza? Wewe nyamaza. Si ndiyo kazi unaijua?"

Namchukia. Na hajakosea, hiyo ndiyo inaniuma.

Alhamisi, 6 Machi, asubuhi
Nimeenda mlango wa ofisi ya walimu mara tatu. Mara ya tatu Mwalimu akainua kichwa. "Ehe, Kendi?"

Nikaomba chaki.

Chaki! Sasa niko na chaki mbili mfukoni na uongo mmoja kifuani. Mjinga kabisa.

Alhamisi, jioni
Maabara. Kimya. Mutwiri ameenda kupiga pasi sare yake ya kesho.

Nimepanga sahani tatu mezani, na kipande cha gunia kando yake. Labda ile sponji ya pili ina kitu, ila si kwa bakteria hawa. Labda haina. Kesho tukidanganya, siku uongo utakapojulikana hakuna atakayeijaribu tena.

Mwalimu hufunga maabara saa kumi na moja. Nasikia viatu vyake kwenye changarawe. Mkono umekimbia kufunika ukurasa, kama kawaida yake.

Nimeuondoa.

Nitafungua daftari hili kwenye ukurasa wa Jumatatu, niliweke kando ya sahani ya tatu. Mdomo ukikataa, atasoma.

Amefika mlangoni.