Sungura wa Mutiso

Kawangware, 9 Machi 2008

Mpendwa dada Wayua,

Huku kumetulia tangu wakubwa watie sahihi mapatano ya amani. Nimepata chumba karibu na kituo cha Satellite, na wateja wa kusuka nywele wameanza kurudi. Wale sungura wawili wa ndugu yako Mutiso, niliotoka nao tulipokimbia mtaa wa Kianda nimewafunga kwa leso, sasa wamezaa sita.

Wiki jana jirani yangu Alvin, anayetengeneza shampuu, alitaka kuwanunua wote. Nikamuuliza kama anataka kuwapika. Kumbe anataka kuwatia shampuu machoni aone kama inachoma.

"Wataumia kidogo tu, mama. Na sungura hata hasemi."

"Basi jitie wewe, unayesema," nikamjibu. "Mimi dawa ya nywele naijaribu kwanza nyuma ya sikio langu."

Akaenda zake akicheka. Pesa hizo zingenifaa mjane kama mimi, sikufichi. Lakini nilikumbuka siku ile ya mabomu ya machozi, Mutiso alivyowapangusa sungura macho kwa kitambaa chenye maji kabla hajapangusa yake. Kesho yake alitoka kutafuta unga, na risasi ikampata.

Jana Alvin alirudi na jicho moja jekundu kama nyanya. "Mama, ile kitu ni kali. Naenda kuipunguza." Nilicheka, dada, kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Ukipalilia kaburi lake, mwambie sungura wake wanaona vizuri. Na mimi unikumbuke.

Wako,
Nzilani