Kilio Changu Katika Filamu Yenu

Ingleburn, Sydney

Kaka Trésor,

Huku hatujambo, ni mvua tu. Jumamosi Mama alitupeleka sinema kuona katuni mpya ya hiyo kampuni yako ya Japani, akijivuna kwamba mwanetu ndiye anayewatafutia sauti za kutia kwenye filamu. Zimwi lilipokuwa linakufa, likalia. Watoto wakacheka. Mama akanishika mkono: "Faida, si wewe huyo?"

Ni mimi, nilivyomlilia Bibi siku ya mazishi. Nilidhani umeinua simu ili ndugu waliobaki Uvira, Kongo, wasikie; kumbe ulikuwa unanirekodi. Mimi hata darasani sisemi. Siku ile moja nilifungua mdomo, nawe ukaniuza.

Waambie wakiondoe kilio changu. Na msiba mwingine ukitokea kwetu, usije. Mlangoni utanikuta mimi, na siku hiyo nitasema.

Aliyekuwa mdogo wako,
Faida