Leso Aliyoitoa Mwanahawa

Kibiti, Jumanne

Mke wangu kaniaibisha mbele ya daktari, tena daktari mwenyewe kijana wa kumzaa.

Daktari aliniuliza navuta sigara ngapi. Nikamwambia paketi mbili kwa siku, miaka thelathini, toka naendesha lori mpaka Lubumbashi. Nilijibu kifua mbele, kana kwamba nahesabu mbuzi wangu. Akauliza kama nakohoa damu. Hapo nikasema hapana, mimi mzima kabisa.

Mwanahawa akafungua pindo la kanga, akatoa leso yangu ya mfukoni. "Daktari, madoa haya nayafua mimi, wiki ya tatu sasa."

Kifua kikuu walishapima, hakipo. Picha ya leo imeonyesha uvimbe kwenye pafu. Alhamisi niende Dar wakatoe kinyama kwa sindano. Ikiwa ni saratani, watatazama imesambaa mpaka wapi.

Nikamwambia mke wangu nitakwenda peke yangu, Dar naijua mimi.

"Uende peke yako, Baba Saidi, ukawaambie una mapafu matatu?"

Kanga zake za safari amekwisha kuzikunja. Nimenuna kidogo kulinda heshima. Lakini nimefurahi, maana naogopa.