Diski Uliyoniachia Kisondela

Mpendwa mdogo wangu Bupe,

Ujumbe wako niliupata jana asubuhi nikiwa nafungua studio. "Dada, kwenye ibada ya kumbukumbu ya Mama njoo na ile diski. Mimi nakuja na projekta, tuwaoneshe watu wa nyumbani." Nikakujibu kwa kidole gumba. Kidole hicho ni uongo, na si uongo wangu wa kwanza kwako. Diski ninayo, ipo kwenye droo chini ya betri za kamera, ila Mama hayumo. Nilimfuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, na kilichonifanya nimfute ni wivu.

Ningeweza kukupigia simu tukayamaliza wawili. Lakini nimeona niandike hapa, kwenye ukurasa wa studio, kwa sababu uongo niliusema mbele za watu. Niliwaambia shangazi zetu, nikawaambia akina mama wa kwaya, kwamba Mama ameniachia maneno kwenye video na siku ya ibada watayasikia. Shangazi mkubwa kila tukikutana sokoni ananishika mkono na kusema, "Twangoja kumwona wifi yetu." Sasa wote wasome, na wewe usome pamoja nao.

Unakumbuka tulivyoanza? Kompyuta moja ya mezani, ya Windows, tuliyoinunua Mbeya ikiwa imeshatumika na watu tusiowajua. Wewe ulikaa kwenye kiti cha plastiki, mimi kwenye stuli, kila mmoja na sweta mbili kwa baridi ya hapa Tukuyu. Mimi ndiye niliyekufundisha kukata video. Nilikuonesha bibi harusi anaingia wapi, wimbo uanze wapi, mchungaji apunguzwe wapi. Baada ya wiki mbili ukawa unanifundisha wewe. "Dada, usimkate yule mama anayecheza. Muache amalize mguu." Nilimuacha amalize mguu, na wenye sherehe walipoangalia wakacheka mpaka machozi, wakasema yule mdogo wako ana jicho.

Nilicheka nao. Ila lile neno liliniingia mahali na halijatoka hadi leo.

Ni wewe pia uliyenionesha kuwa kijani cha chai na kijani cha migomba si kimoja. Kwenye skrini yetu vilikuwa vinafanana, na ngozi za watu zilikuwa zinatoka na wekundu kama wote wameota moto. Ukasema tatizo si kamera. Ukasema tunahitaji Mac, rangi zake ni za kweli na haikwami wakati wa kutoa video iliyokamilika. Mimi nikakwambia Mac ikifa hapa Tukuyu nani ataifufua? Windows kila fundi anaijua, vipuri vyake vipo, wateja wanakuja na flashi zao zinasomeka, na program tumeshaizoea. Ulikuwa na hoja na mimi nilikuwa na hoja. Tulibishana kwa raha, chai mkononi, na mteja akiingia tulinyamaza kama watoto waliokamatwa.

Halafu ukataka tujaribu Linux, ile ya bure. Ukaiweka, na kwa wiki tatu tukaishi nayo. Nikubali, ilikuwa nyepesi, na virusi vya flashi za wateja havikuifanya lolote. Lakini program yetu ilikataa kabisa kuingia humo, na ile nyingine uliyoipakua ilizifungua video za kamera yetu bila sauti. Kwaya nzima ya ushirika wetu wa kanisa inafumbua midomo na kufumba, hakuna kinachosikika. Ukakaa ukaitazama ile kwaya, ukasema, "Basi dada, umeshinda," ukarudisha Windows. Nilifurahi kuliko ilivyostahili. Nilikwenda kukununulia parachichi na mkate ili nifiche furaha yangu.

Baadaye ukapata kazi Dar es Salaam, ukaondoka. Ukadhani wateja walibaki kwangu. Walibaki, ndiyo, lakini kila anayeingia anaanza na "Yule mdogo wako atakuja lini?" Hata Mama. Ile picha uliyompiga akimenya ndizi mlangoni aliitundika ukutani, kila mgeni wa pale nyumbani Kisondela lazima aoneshwe. Niliyompiga mimi, ile ya Krismasi, aliificha ndani ya Biblia. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Ya kwako iko mahali pake." Mama hakupenda mimi nimpige picha. Alikuwa akisema, "Wewe Tusekile unapiga kama unakimbizwa." Kwako alivaa kitenge kipya.

Uliporudi likizo ya kwanza ulikuja na Mac yako, ukaiweka juu ya meza yetu, kando ya mashine iliyokulea. Ukaichukua harusi ya kule Masoko niliyokuwa nahangaika nayo, ukaitoa yote wakati mimi nachemsha chai. Kwenye mashine yangu ingeanza asubuhi na kumaliza mchana, kama umeme haukukatika. Hukujisifu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ulinitazama tu kwa huruma, ukasema, "Dada, hama tu." Siku hiyo hiyo ndipo uliponieleza kuwa diski ya Mac huwezi kuichomeka kwenye Windows ikafunguka hivi hivi, mpaka iwe imeandaliwa kwa mtindo unaosomeka pande zote mbili. Nakumbuka ulinieleza vizuri kabisa. Naomba ulikumbuke hilo nikifika huko mbele.

Ulipokuja mara ya mwisho Mama alikuwa ameshaanza kudhoofu. Ukaniambia, "Kesho twende Kisondela, nataka nimrekodi Mama anaongea, aeleze mambo yake mwenyewe." Nikasema nina kazi. Ukaniuliza kazi gani, nikasema kazi ni kazi, nyie endeleeni. Unajua nilifanya nini siku ile? Nilikaa studio peke yangu, mvua inanyesha, hakuna hata mtu mmoja wa picha ya pasipoti aliyeingia. Nilikuwa namfuta chunusi kwenye picha mteja mmoja ambaye hakuniomba nimfute chunusi. Nikawa nawaza umemkalisha Mama wapi, mwanga unamwingia upande gani, anacheka vipi. Sikutaka kuja kumwona akikupa wewe kile alichokuwa akininyima mimi.

Mama akafa. Matanga yalipokwisha, shangazi wakatukalisha sebuleni kugawa vitu vyake. Mimi kama mkubwa nilipewa sweta lake la bluu na jembe, wewe ukapewa kile kitenge kipya. Watu walipotawanyika ukaniwekea diski mkononi. "Hii ya kwako, dada. Ukitulia, ifungue." Kesho yake ukaondoka.

Nilitulia siku ya nne. Nikaichomeka. Windows ikaniandikia kwamba diski hii lazima iformatiwe, yaani ifutwe na kuandaliwa upya, kabla ya kutumika, je, unataka kuiformati?

Bupe, mimi si mshamba wa kazi hii. Nilijua. Ulishanieleza, kwenye meza ile ile. Nilijua vya kutosha kutoa mkono kwenye kipanya na kuchukua simu. Lakini kukupigia maana yake ni kukiri kuwa mashine yangu haiwezi kukisoma ulichonipa, nami nilikuwa nimeshaisikia sauti yako kabla hujaitoa: "Dada, si nilikwambia uhame." Kwa hiyo nikajitungia maneno yangu. Nikasema diski hii ni tupu. Bupe ameniachia kama sadaka, mwenye Mac anampa diski mwenye mashine mbovu. Nikajiambia hivyo nikiwa nimevaa sweta la Mama, nikajiambia tena mpaka nikaamini, nikabonyeza ndiyo. Jumamosi nilikuwa na harusi ya siku mbili Masoko. Nikaimwagia humo yote mpaka diski ikajaa.

Jumatatu ukapiga simu.

"Dada, umeangalia?"

Sikuuliza nini. Nilielewa palepale, nikakaa chini kwenye sakafu ya studio.

"Nimeangalia," nikasema.

"Ulilia?"

"Nililia." Hilo halikuwa uongo, maana nilikuwa nalia wakati huo huo.

Ukasema, "Basi umejua."

Nimejua nini, mdogo wangu? Tangu siku ile nalibeba hilo neno kila ninakokwenda. Natandaza vitambaa vya nyuma, nalibeba. Nampangia bwana harusi tai, nalibeba. Nilishindwa kukuuliza kwa sababu nilishasema nimeangalia. Na shangazi waliponiuliza Mama amesema nini, nikawaambia msubiri siku ya ibada, ni maneno mazito. Nilijisikia vizuri kusema hivyo. Kwa mara ya kwanza watu walikuwa wanasubiri video kutoka kwangu.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia, nikaipeleka Mbeya kwa mama mmoja fundi anayefufua diski. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu, kama baada ya kuiformati niliweka kitu. Nikamwambia niliweka harusi ya siku mbili. Akatikisa kichwa. "Ungeiacha ilivyo, dada, tungempata karibu wote. Sasa umemfunika." Akabaki nayo siku tatu. Aliponirudishia alikuwa amepata kipande kimoja, sekunde kumi na moja, pengine kwa sababu kilikuwa kidogo kikajibana mahali harusi haikufika.

Nitakueleza kilichomo. Kwanza nimalize habari ya mashine, kwa sababu najua utaniuliza.

Kompyuta yetu inakata roho. Inajizima yenyewe katikati ya kazi. Lazima ninunue nyingine, na kila mtu ana ushauri. Jamaa mmoja wa stendi anauza Mac iliyotumika, na nimekwenda kuitazama mara mbili. Nilifungua picha ya shamba la chai la Katumba. Ulisema kweli kuhusu zile kijani, nilizihesabu kwa macho yangu, zilikuwa nyingi. Nikairudisha mezani kwake. Si kwa wivu, au basi, si kwa wivu peke yake. Ikiharibika nitaipeleka wapi, na program ambayo vidole vyangu vimeizoea itabidi nianze kuisaka upya. Nitabaki na Windows, ila nitachukua yenye nguvu, na skrini ya maana yenye rangi za kweli, maana hilo nalo nilikuwa nabishana ovyo. Na kila diski itakayoingia studio hii nitaiandaa kwa ule mtindo unaosomeka pande zote, kabla sijaweka hata picha moja. Ukija na za kwako nitaziandaa na za kwako. Haya ndiyo maamuzi ambayo tungeyafanya wawili kwa kikombe kimoja cha chai, kama nisingekuwa nashindana na wewe.

Wivu wenyewe haujaisha, nisikudanganye tena. Ninavyoandika hapa nakuonea wivu kuliko wakati wowote. Mac yako baki nayo, na jicho lako baki nalo. Nakuonea wivu masikio. Wewe ulimsikia Mama, mimi nina sekunde kumi na moja.

Kama umebakiza nakala kwenye mashine yako, njoo nayo kwenye ibada na usinihurumie. Kama hukubakiza, acha projekta. Nitasimama mimi mbele ya shangazi na akina mama wa kwaya niseme nilichofanya, kisha ukae katikati yetu utusimulie kwa mdomo wako, neno kwa neno, na mimi nitakaa chini karibu na miguu yako nisikie kama mtoto.

Sasa hicho kipande. Kamera haijatulia, unaona ni kama unaifunga kwenye stendi. Inaonekana ngazi ya mlango wa Kisondela, miguu ya Mama, mkono wake unanyoosha kitenge magotini. Kuku anapita. Sauti yako inasema, "Mama, tuanze." Mama anauliza, "Dada yako yuko wapi?" Unamjibu, "Ana kazi, Mama. Kasema tuendelee." Na Mama anasema, polepole, kama alivyokuwa akisema jambo ambalo hatalibadilisha, "Hapana, mwanangu. Weka chini hiyo. Tumsubiri."

Kinaishia hapo. Nimekiangalia mpaka yule kuku namjua.

Hayo mengine yote nitayangoja siku ya ibada. Lakini hili moja naomba unijibu leo, chini ya barua hii, shangazi nao wasome. Siku ile mvua iliponyesha na mimi nikakaa studio namfuta mtu chunusi, mlinisubiri mpaka saa ngapi?

Ndaga fijo, asante sana, kwa kunisoma mpaka hapa.

Ni mimi niliyesubiriwa,
dada yako, Tusekile