Dirisha Linalotazama Zizi

Shikamoo Tata, baba yangu,

Najua husomi. Hata ungekuwepo, ingebidi mama akutafutie mtu wa kukusomea barua hii, nawe ungesikiliza huku umegeuzia uso pembeni kama vile habari zenyewe zinamhusu jirani. Nakuandikia hivyo hivyo. Leo nimekaa kwenye ile meza uliyonitengenezea, hapa hapa nyumbani Genkuru, na sijaikalia tangu tukuzike.

Unaikumbuka meza yenyewe. Ulipoamua kwamba binti anayesoma lazima awe na mahali pa kusomea, uliongeza chumba ubavuni mwa nyumba ya mama, ukakandika kuta mwenyewe, ukapaka chokaa ili mwanga uongezeke. Kisha ukanisimamisha uwanjani, ukanipima kwa fimbo yako ya kuchungia, ukaenda nayo kwa seremala. Meza ilipoletwa ilinifika kifuani. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Wewe ulikasirika, ukasema mtu anayeandika sana huandika amesimama, kwani hatujamwona karani wa mnada? Na kweli, mtu pekee uliyewahi kumwona akiandika kutwa nzima ni yule karani wa mnada wa ng'ombe, aliyejaza vibali vyake akiwa amesimama nyuma ya meza ndefu. Uliona na mimi nikisoma kwa bidii nitafika pale pale.

Nilijaribu, Tata. Siku mbili niliandika nimesimama kwa heshima yako, mpaka miguu ikavimba. Siku ya tatu ulichukua msumeno, ukaitoa meza nje, ukaikata miguu yote minne. Ukaniambia nikae, ukaniuliza, "Sasa, mama?" Uliniita mama kwa sababu nina jina la mama yako. Ilikuwa sawa, isipokuwa mguu mmoja ulikatwa zaidi na tukaufunga kipande cha kandambili, ambacho mpaka leo kipo. Vile vipande vinne vya mbao ulivikusanya ukaondoka navyo, sikuuliza unavipeleka wapi.

Mama alinishonea mto wa gunia akaujaza maganda makavu ya mahindi, na vitabu vikakaa kwenye kreti la soda ulilolipigilia ukutani. Ulipomaliza yote hayo ulitoka, nami nikaingiza kitanda changu na madaftari. Tangu siku hiyo hukuvuka kizingiti kile. Kwetu baba haingii chumba anacholala binti yake aliyekua, na hilo hatukuhitaji kuambiana.

Kilichonishinda mimi ni dirisha. Lilikuwa moja tu, na ulilielekeza kwenye zizi. Nzi walikuwa wangu, harufu ya mavi ilikuwa yangu, na ndama walipotenganishwa na mama zao kilio chote kiliingia kwenye hesabu zangu. Jioni ng'ombe wakirudi ulikuja na kigoda chako, ukakaa mlangoni pa zizi, ukaanza kumtoa kupe yule ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja. Na kukohoa. Nikiinamisha kichwa juu ya daftari nikasinzia kidogo tu, unakohoa. Nikitazama ukuta nikiwaza mambo yangu, unakohoa. Nilidhani ni ugoro.

Halafu kwenye chakula unaniuliza, "Wameingia wote?" Mimi nilikasirika moyoni. Nilijiambia, kumbe chumba chenyewe ni kibanda cha mlinzi, mzee kanipa meza ili nimhesabie ng'ombe. Sikujiuliza kwa nini unaniuliza mimi wakati umekaa pale pale mlangoni na umewaona wakiingia mmoja mmoja kwa macho yako.

Likizo ya mwisho kabla ya mtihani wa kidato cha sita nilichukua boksi la sabuni, nikalipigilia dirishani kwa misumari. Giza likaingia, nikawasha taa ya sola mchana, nikaridhika. Jioni nilisikia kigoda kikiwekwa chini mahali pake. Nilisikia pia kwamba hukohoi. Nilingoja useme kitu, na nilikuwa nimejiandaa kukujibu vibaya, lakini hukusema siku hiyo wala siku nyingine. Nilifaulu mtihani, nikaenda chuo cha ualimu, na masika yaliyofuata nikapigiwa simu nirudi. Nilikuta kaburi limeshachimbwa. Boksi lilikuwa bado dirishani, na katika watu wote waliojaa uwanjani siku ile mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nalitazama.

Sasa nikueleze habari zangu. Nafundisha shule ya msingi huko Mugumu, na nimepanga chumba karibu na soko. Mwaka juzi nilianza kusoma shahada kwa njia ya masafa, yaani nasomea nyumbani na kwenda kufanya mitihani tu. Nikasema safari hii nitatengeneza mahali pa kusomea panapoeleweka. Nilisoma maelekezo kwenye simu, nikayafuata yote. Meza yenye urefu unaofaa, ungeiona ungecheka. Kiti cha kuzunguka chenye mgongo. Taa upande wa kushoto ili mkono usitie kivuli. Pazia jeupe, ukuta mtupu mbele yangu, hakuna nzi, hakuna ndama. Mama mwenye nyumba ni mtu wa swala tano, mpole, hapigi hata redio.

Na siwezi kusoma, Tata. Nakaa pale toka saa kumi na nafika saa kumi na mbili niko ukurasa ule ule. Kimya cha chumba kile kinanielemea. Nikisinzia, nasinzia mpaka shingo iume, na hakuna mtu anayejua. Nikilia, ni hivyo hivyo. Jioni moja niligundua kwamba tangu nitoke shuleni siku ile sikuwa nimesikia jina langu likitajwa, nikalitamka mwenyewe kwa sauti, na aibu ikanishika ingawa nilikuwa peke yangu. Somo moja nililifeli mwaka jana. Nikilifeli tena naondolewa, na mtihani uko wiki tatu mbele.

Kwa hiyo niliandika barua ya kuomba kuacha masomo. Nikaiweka kwenye mkoba, nikapanda gari jana kuja kumwambia mama kabla sijaipeleka.

Mama alinisikiliza akichambua maharage. Nikaanza kulalamikia kile chumba cha zamani, nikasema labda ningezoea mapema kusoma mahali pazuri nisingefika hapa. Nikasema baba alipenda ng'ombe mpaka dirisha la mtoto akalielekeza zizini. Nilisema kwa utani, lakini mama aliacha maharage.

Aliniambia kwamba fundi aliyekusaidia kuinua kuta alitaka kuliweka dirisha upande wa barabara, kunakotoka jua la asubuhi, na alikuwa ameshaanza kuacha nafasi yake. Ukamzuia. Fundi alikubishia sana, akasema mwanga mzuri uko upande ule. Mama akanirudia maneno yako kama ulivyoyasema kwa Kikurya: "Upande ule, mimi nitakaa wapi?"

Sikuelewa, akanielewesha taratibu, kama anavyoongea na mjukuu. Chumbani usingeweza kuingia. Ungekaa barabarani chini ya dirisha la binti yako, watu wangeuliza mzee huyu ana nini. Lakini mzee akikaa mlangoni pa zizi hakuna anayemuuliza anafanya nini pale. "Ng'ombe baba yako alikuwa ameshawaona," mama alisema. "Alikuwa anakuangalia wewe usome. Habari za vitabu hakujua zinaulizwaje, ndiyo maana alikuuliza za ng'ombe."

Nikamuuliza, na nilipoweka boksi je? Akasema uliendelea kukaa. Kila jioni ulimtuma achungulie mlangoni kwangu, arudi akwambie kama bado nasoma. Nilikuwa naona kichwa chake na kudhani ananipeleleza.

Sina la kujitetea. Nilikufungia dirisha, Tata, na wewe ukakaa nje ya boksi mpaka likizo ikaisha. Naomba radhi mahali ambapo hakuna anayenijibu, na inauma kuliko nilivyotarajia.

Leo baada ya chakula cha mchana nimelitoa. Misumari ilikuwa imeota kutu na boksi limelainika, limechanika mkononi. Zizi limebaki na ng'ombe wawili, wengine walikwenda kwa kaka zangu. Yule mwenye pembe moja yupo, amezeeka, anatembea kama mtu mwenye viatu vya kubana. Nimemwomba mama kigoda chako. Kilikuwa stoo, nyuma ya mapipa. Nimekigeuza nikifute vumbi, ndipo nikaiona miguu yake: mbao ile ile, mikato ile ile ya msumeno wako, na mmoja mrefu kuliko mingine, kiasi cha unene wa kandambili.

Nimekiweka mlangoni pa zizi, mahali pake. Kiko kitupu, na nakiona vizuri kutoka hapa nilipokaa.

Barua hii nimeianzia nyuma ya ile karatasi ya kuomba kuacha masomo, kwa hiyo ile haiwezi kupelekwa tena popote. Jumamosi zote zilizobaki nitakuja kusomea hapa, na siku ya mtihani nitaenda kuufanya. Ng'ombe wote wawili wameingia. Nafungua kitabu sasa. Ukiona nimekaa muda mrefu bila kufunua ukurasa, kohoa.

Ni mimi binti yako,
yule uliyemwita mama.